Kitenzi cha -ar cha Kihispania kinapokugomea: dalili, sababu na marekebisho

"Yo habla." Nimesahihisha sentensi hii ya maneno mawili mara nyingi kuliko nyingine yoyote kwenye madaftari ya watu wanaojifunza Kihispania huku lugha yao ya kila siku ni Kiswahili. Aliyeiandika anajua kwamba yo ni "mimi", anajua kwamba hablar ni "kuzungumza", na hata akiisoma kwa sauti matamshi yake hayana kasoro. Lakini alichosema ni sawa na "mimi anazungumza". Kwa Kiswahili angeshtuka palepale. Kwa Kihispania inampita.

Inampita kwa sababu sikio lake linamsubiri mtendaji mahali asipokaa. Sisi nafsi tunaitia mwanzoni mwa kitenzi: ninasoma, unasoma, wanasoma. Ukishaisikia silabi ya kwanza umeshamjua mtendaji, na mwisho wa neno unabaki -a ileile kwa kila mtu. Kihispania kimepanga kinyume. Mwanzo wa neno ndio unaotulia, na mwisho ndio unaomtaja mtendaji. Makosa mengi yaliyo hapa chini yanatoka kwenye jambo hilo moja, ndiyo maana nitalirudia.

(Usiliite jambo hili mnyambuliko. Kunyambua ni piga, pigwa, pigia, ambapo maana ya kitenzi yenyewe inasogea. Hapa maana haiguswi. Kinachobadilika ni nafsi tu.)

## Kabla ya kutafuta kosa

Hakikisha kwanza una jedwali sahihi mbele yako. Chukua hablar, kata -ar, ubaki na mzizi habl-, kisha pachika:

- yo (mimi): hablo
- tú (wewe): hablas
- él, ella, usted (yeye, wewe kwa heshima): habla
- nosotros, nosotras (sisi): hablamos
- vosotros, vosotras (ninyi, Hispania): habláis
- ellos, ellas, ustedes (wao, ninyi): hablan

Viishio ni -o, -as, -a, -amos, -áis, -an. Vitenzi vya kawaida kama trabajar (kufanya kazi), comprar (kununua), buscar (kutafuta), llegar (kufika), cantar (kuimba) na estudiar (kusoma, kwa maana ya masomo) vyote vinafuata mkondo huo. Ukiweza kuandika maumbo sita ya comprar bila kuchungulia, jedwali unalo, na tatizo lako liko kwenye matumizi. Usipoweza, usiendelee na dalili zinazofuata. Kaa na comprar siku mbili tatu kwanza.

## Dalili: kila nafsi inaishia na -a

Yo habla, tú compra, nosotros trabaja. Hili ndilo kosa kuu.

Sababu ya kwanza, na ya kawaida kuliko zote, ni hiyo niliyoitaja: -a yetu ya mwisho haibadiliki mtendaji anapobadilika, kwa hiyo ukishaweka yo mbele, akili inaona kazi ya nafsi imekwisha. Yo imechukua nafasi ya ni-, na kitenzi kinaachwa kama kilivyo.

Sababu ya pili ni ndogo lakini inauma. Watu wengi wanakata r peke yake badala ya -ar. Hablar bila r ni habla, na habla ni neno halali, ila ni la "yeye". Kwa kuwa lipo kwenye jedwali, jicho haliligutukii.

Sababu ya tatu: umejifunza kwa kusoma habari za watu wengine, Maria anafanya hivi, baba yake anafanya vile, na umbo la "yeye" limekukaa mdomoni kabla ya umbo lako mwenyewe.

Ukaguzi rahisi: funika kiwakilishi kwa kidole. Mbele yako pabaki kitenzi peke yake. Je, bado unaweza kusema ni nani anayetenda? Ukifunika yo kwenye yo compro, -o bado inakwambia ni mimi. Ukifunika yo kwenye yo compra, aliyebaki pale ni mtu mwingine kabisa.

Kosa likirudi baada ya hapo, fanya zoezi hili kwa kalamu, si kwa simu. Andika ninatafuta, na chini yake busco. Zungushia duara ni-, zungushia duara -o, kisha chora mstari unaounganisha duara mbili. Mstari utakwenda mshazari, kutoka mwanzo wa neno la juu hadi mwisho wa neno la chini. Andika unatafuta na buscas, chora tena. Anatafuta na busca. Tunatafuta na buscamos. Wanatafuta na buscan. Ukifika mstari wa tano mkono wenyewe umeshazoea kwenda kulia. Nimewaona watu waliokariri jedwali mwezi mzima bila mafanikio wakiacha kukosea baada ya kurasa mbili za mistari hiyo, kwa sababu waliyajua maumbo tangu zamani. Hawakuwa wakijua pa kuyatazama.

Usikariri kwa mpangilio peke yake. Hablo, hablas, habla unayoiimba kama wimbo itakufanya uanzie yo kila unapotaka kusema "wao". Ruka: wao, mimi, sisi, wewe.

## Dalili: unaandika sawa, ukisema unaeleweka vibaya

Hapa sababu ni za mdomo.

Inayotokea zaidi ni konsonanti ya mwisho. Maneno yetu yanaishia kwa irabu, kwa hiyo hablas na hablan zinatamkwa aidha bila s na n, au kwa kuongezwa irabu: hablasi, hablani. Kwenye maneno mengine hilo lingekuwa lafudhi tu. Kwenye kitenzi, s na n ndizo zinazobeba mtendaji. Ukizimeza, hablas na hablan zote zinakuwa habla. Jirekodi ukisema habla, hablas, hablan, kisha usikilize kesho yake. Ukishindwa kuzitofautisha wewe mwenyewe, na msikilizaji wako hazitofautishi.

Kuna jambo litakalokuchanganya. Katika visiwa vya Karibi na kusini mwa Hispania wenyeji wengi huipunguza s ya mwisho hadi ikawa pumzi, au wakaiacha kabisa. Usiwaige mapema. Wao wana njia nyingine za kumwonyesha mtendaji. Wewe bado unamtegemea huyo s.

Inayofuata ni shadda, yaani mkazo wa sauti kwenye silabi. Kwa bahati nzuri shadda yetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa hablo, hablas, habla, hablamos na hablan Kihispania kinataka hivyohivyo. Inaharibika kwa vitenzi vyenye irabu mbili zinazoshikamana. Estudio sisi tungeigawa es-tu-di-o na kuibonyeza di. Kihispania kinahesabu silabi tatu, es-tu-dio, na kubonyeza tu. Vivyo hivyo cambio (ninabadilisha) na limpio (ninasafisha): shadda kwenye cam na lim. Lakini enviar (kutuma) inakwenda kwa njia yetu: envío, envías, envía, na alama juu ya í inakueleza hivyo. Viishio ni vilevile. Kinachohama ni shadda, na hakuna kanuni nyepesi ya kukwambia kitenzi gani cha -iar kiko kundi gani. Kila unapokutana na kipya, angalia kamusi.

Tahadhari ya kuandika: usiweke alama ya shadda kwa kupamba. Trabajo ni "ninafanya kazi". Trabajó ni "alifanya kazi". Alama moja imebadilisha mtendaji na wakati kwa pamoja.

## Dalili: yo, yo, yo kila sentensi

Sentensi ni sahihi, lakini msikilizaji anaona unajitaja mno. Sababu kwa kawaida ni vitabu, ambavyo huandika yo hablo kwenye kila jedwali. Hapa Kiswahili kinakupa faida, itumie. Huwezi kusema "mimi nimeamka, mimi nimekwenda sokoni, mimi nimenunua" ila kama unataka kusisitiza. Kihispania ni hivyohivyo: Trabajo, estudio y canto imekamilika. Weka yo pale ambapo ungeweka "mimi": unapojilinganisha na mwingine, au unapojibu "nani?".

Ukaguzi: tafsiri sentensi yako kwa Kiswahili cha kawaida. Kama "mimi" halikujileta lenyewe, futa yo.

Lakini kama bado unapambana na dalili ya kwanza, acha kufuta kwa sasa. Hablo yenye -o sahihi kwanza, kupunguza yo baadaye.

## Dalili: unamheshimu mtu kisha unamwambia hablas

¿Usted hablas? ni kosa la kimantiki linaloeleweka: unaongea na mtu aliye mbele yako, kwa hiyo unachukua umbo la "wewe". Lakini usted imetokana na vuestra merced, namna ya kale ya kumtukuza mtu, na kisarufi imebaki na umbo la "yeye". Fikiria unavyomwambia mtu usoni, "Mheshimiwa anasemaje?" Unaongea naye, lakini kitenzi ni cha mtu wa tatu. ¿Usted habla español? ni mpangilio huohuo. Na wingi wake, ustedes, unachukua hablan.

Kuhusu vosotros: ni "ninyi" wa kirafiki wa Hispania. Katika Amerika ya Kilatini "ninyi" wote ni ustedes. Kwa hiyo kama somo lako halina kabisa safu ya habláis, hujaibiwa. Mwandishi anafundisha Kihispania cha upande wa pili wa bahari. Chagua upande mmoja na ukae nao.

## Dalili: kitenzi cha pili kinaharibika

Quiero hablo. Necesito compro. Sababu: umeshazoea kubadilisha vitenzi, sasa unabadilisha kila kinachopita. Rudi kwenye Kiswahili. Unasema "nataka kuzungumza", si "nataka nazungumza". Ku- yetu ni -ar yao. Quiero hablar (nataka kuzungumza), necesito comprar (nahitaji kununua). Panapokaa ku-, acha -ar.

Jamaa yake ni ukanushaji. Sisi tukikanusha tunavunja kitenzi chote: ninasoma inakuwa sisomi, mwanzo umegeuka na hata -a ya mwisho imekuwa -i. Kwa hiyo mwanafunzi anasubiri hablo nayo igeuke, na asipoiona ikigeuka anabuni. Hakuna cha kubuni. Weka no mbele, basi: no hablo, no hablas, no hablan.

## Dalili: watu, jina na kupenda

Nimeziweka pamoja dalili tatu ambazo juu juu hazifanani, kwa sababu zote zinatokana na kukosea nani ni kiima.

La gente hablan. Kwetu watu ni wengi, wanasema. Kihispania gente ni neno la umoja, kama "umati": la gente habla. Mtego wa neno moja, ukishaujua umekwisha.

Se llamo. Hili linatoka moja kwa moja kwenye ji- yetu, ambayo haibadiliki: ninajiita, unajiita, wanajiita. Kihispania ji- inafuata mtendaji: me llamo, te llamas, se llama, nos llamamos, os llamáis, se llaman. Kwa hiyo una sehemu mbili za kukagua, kipande cha mbele na kiishio cha nyuma, na lazima zimtaje mtu mmoja. Me llama ni Kihispania safi, lakini maana yake ni "ananiita" au "ananipigia simu". Mtu akikutazama kwa mshangao baada ya kujitambulisha, kagua hapo.

Yo gusto. Wengi wanaambiwa gustar ni "kupenda" na wanaitumia kama kupenda. Achana na tafsiri hiyo. Gustar ni kupendeza. "Kitabu kinanipendeza": me gusta el libro. "Vitabu vinanipendeza": me gustan los libros. Kinachopendeza ndicho kiima, nacho ndicho kinachoamua -a au -an, kama kitabu na vitabu vinavyoamua ki- na vi-. Nafurahi kila ninapolieleza hili kwa mzungumzaji wa Kiswahili, maana inanipendeza ina kila kitu ndani yake tayari: kinachopendeza, wakati, na anayependezwa.

## Dalili: unatafuta -na- na hu- na huzioni

Hazipo. Hablo inabeba ninazungumza na mimi huzungumza pia, na hata kesho ya karibu: mañana trabajo, "kesho nafanya kazi". Ukitaka kusisitiza kwamba jambo linaendelea sasa hivi, kuna estoy hablando, lakini usiifanye kuwa tafsiri ya kila -na-. Ukimaliza ukurasa na estoy iko kila mstari, umezidisha.

## Dalili: umefuata jedwali na bado umesahihishwa

Umeandika yo penso (ninafikiri), ukaambiwa ni pienso. Yo conto (ninahesabu), ukaambiwa cuento. Hapa si kosa lako la viishio. -O iko mahali pake. Kitenzi chenyewe si cha kawaida.

Kinachotokea ni hiki: shadda inapoangukia irabu ya mzizi, baadhi ya vitenzi huipasua irabu hiyo. E inakuwa ie, o inakuwa ue. Cerrar (kufunga): cierro, cierras, cierra, cierran. Lakini kwa cerramos na cerráis shadda imehamia kwenye kiishio, kwa hiyo mzizi unabaki mzima. Jugar (kucheza) ndicho kitenzi pekee kinachopasua u: juego, jugamos.

Onyo: usijaribu kukisia. Contar ni cuento, lakini montar ni monto. Pensar ni pienso, lakini compensar, yenye pensar nzima tumboni mwake, ni compenso. Kitenzi hakikuonyeshi kwa sura. Simama, fungua kamusi. Kamusi ya mtandaoni ya Real Academia Española, taasisi ya Hispania inayosimamia lugha hiyo, hutoa jedwali zima la maumbo ya kitenzi, bure.

Na vitenzi viwili vifupi usivipime kabisa kwa jedwali la hablar: estar ni estoy, estás, está, estamos, estáis, están, dar ni doy, das, da, damos, dais, dan. Vikariri peke yake.

## Dalili: umbo ulilosoma halipo kwenye jedwali lako

Usilisahihishe kabla ya kulichunguza. Huenda aliyeandika yuko sahihi.

Hablás, yenye alama mwishoni, ni ya vos, "wewe" wa Argentina, Uruguay na nchi nyingine kadhaa. Haina kosa. Hablamos unayoiona kwenye habari ya jana ni wakati uliopita. Kwa vitenzi vya kawaida vya -ar umbo la "sisi" la sasa na hilo la uliopita huandikwa sawa, na muktadha ndio unaoamua. Hablé ni "nilizungumza".

Hable na hables ndizo zinazowatisha watu, na kumbe zina ndugu yao kwetu. Tunaposema "nataka aseme" au "usiseme", -a ya mwisho inakuwa -e. Quiero que hable, no hables: -a imekuwa -e, na kwa kazi ileile. Lugha hizi mbili hazina undugu na zimefika hapo kila moja kwa njia yake, lakini sikio lako linalijua badiliko hilo tangu utotoni.

Hapo kwenye -e ndipo mwongozo huu unapoishia na mwalimu anapohitajika. Lini Kihispania kinadai hable na lini kinatosheka na habla ni somo refu lenye vishawishi vyake, na -e yetu haiendi nayo sambamba kila mahali. Tafuta mwalimu pia ukiona kwamba baada ya wiki mbili za mistari ya mshazari bado unaandika yo habla: huenda umezoea sauti ya kosa kiasi kwamba huisikii, na mtu wa pili ataisikia kwa dakika moja. Mpelekee sentensi zako kumi kama ulivyoziandika, bila kuzisahihisha kwanza.